Silinda Ipi? Misi ya magari ya zamani na gharama ya kubahatisha mkoani Singida

Ukitoka Dodoma kuelekea Singida, barabara hukata tambarare ya Bahi hadi Kintinku, kisha hukutana na mlima Saranda kabla ya kufika Manyoni. Mlima huo una tabia ya kuyaumbua magari ya zamani. Corolla yangu, ile ya umbo la 110, ilikuwa imekuja kimya tangu Dodoma. Nilipokanyaga mafuta kuupanda mlima ikaanza kushtukashtuka, usukani ukatetemeka mikononi, na lori la mizigo lililokuwa mbali nyuma yangu likanipita bila haraka. Jirani yangu aliyekaa kiti cha mbele akauliza, "Vipi, mafuta yameisha?" Hayakuwa yameisha. Gari lilikuwa linamisi.

Nilipofika mjini nililipeleka gereji. Plagi nne zikabadilishwa, gari likazungushwa kwenye lami ya mjini, likatulia, nikalipa. Juma lililofuata nilikuwa na safari ya Igunga, na kwenye mlima Sekenke misi ikarudi ileile. Ikanunuliwa koili ya mtumba, baadaye filta ya petroli, mwishoni pampu. Kila kifaa kilifungwa kwa maelezo yaliyoingia akilini, na kila mara gari lilitoka gereji likiwa zima. Vifaa vikafika vinne, fedha ikaenda, na ugonjwa ukabaki ulipokuwa.

Kisa hiki wenye magari wengi wanakijua, na kwa kawaida humalizika kwa kumlaumu fundi. Lawama hiyo haitufikishi mbali. Misi ni miongoni mwa hitilafu za injini zinazotafutika kwa urahisi, kwa sababu njia za kuifikia ni chache na zinajulikana. Kinachoifanya iwe ghali ni kwamba tunalipia kufunga kifaa, hatulipii kutafuta tatizo. Uchambuzi huu unalipitia jambo lenyewe tangu ndani ya silinda hadi kwenye pochi ya mwenye gari.

Zamu iliyorukwa

Katika injini ya petroli ya mipigo minne, kila silinda huwaka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya kranki. Gari likiwa kwenye sailensi, tuseme mizunguko 800 kwa dakika, silinda moja huwaka mara 400 kwa dakika, na zote nne kwa pamoja mara 1,600. Huwaka kwa zamu maalumu. Kwenye injini nyingi za silinda nne zilizopangwa mstari mmoja zamu hiyo ni 1-3-4-2. Silinda ikiruka zamu yake, pistoni iliyotakiwa kusukuma inakuwa mzigo, inasukumwa na wenzake. Mtetemo unaousikia kwenye kiti ni pengo la zamu hiyo.

Ili silinda iwake inahitaji vitu vitatu. Kwanza ni mchanganyiko wa hewa na petroli kwa kiasi kinachofaa, karibu gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Pili ni mgandamizo wa kutosha, ambao mafundi huuita kompresheni. Tatu ni cheche yenye nguvu inayofika kwa wakati wake. Hakuna misi iliyo nje ya vitu hivyo vitatu. Orodha ya vifaa vinavyoweza kuharibika ni ndefu, ila kila kimoja kinadhuru kwa kugusa hewa na mafuta, mgandamizo, au cheche.

Wapo wanaoendesha gari linalomisi kwa miezi, wakisema bado linafika. Gharama yake hufichika. Petroli isiyowaka huosha oili kwenye kuta za silinda, hushuka chini na kuifanya oili ya injini kuwa nyepesi. Inayobaki hutoka na moshi na kwenda kuwakia kwenye masega ya kusafishia moshi ndani ya ekzosi, yakapata moto kupita kiasi, yakayeyuka na kuziba. Masega yakiziba injini haipumui, na hapo gari linakosa nguvu hata baada ya misi ya kwanza kutibiwa. Hitilafu ya waya mmoja inakuwa imezaa hitilafu ya pili iliyo ghali kuliko ya kwanza.

Kwa nini mlimani

Singida ina mazingira yanayozianika kasoro za injini. Mji upo kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kama asilimia 15. Gari la kabureta lililosetiwa pwani likiletwa huku hupata petroli nyingi kuliko hewa, moshi unakuwa mweusi na plagi zinashika masizi. Gari la sensa hujirekebisha lenyewe, mradi sensa ziwe nzima.

Kuna pia majira. Singida ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni ya ukavu, upepo na vumbi, na anayekwenda Rungwa kupitia Itigi au kuzunguka vijiji vya Mkalama analijua vumbi hilo kwa ladha. Ukavu na joto hukausha mipira na plastiki: kifuniko cha distributa kinapata ufa usioonekana, waya za plagi zinapasuka ngozi. Gari linaendelea kuwaka, kwa kuwa hewa kavu haipitishi umeme. Mvua ya kwanza ikinyesha, unyevu unaingia kwenye ufa na umeme unapata njia ya mkato. Asubuhi hiyo gereji zinajaa, na watu husema mvua imeharibu magari. Mvua imeonyesha tu kilichoharibika tangu Agosti.

Halafu kuna milima, Saranda upande wa Manyoni na Sekenke upande wa Iramba. Ukikanyaga mafuta kupanda mlima, hewa nyingi huingia silindani, na mgandamizo wa ndani unaongezeka. Cheche hupata kazi ngumu zaidi kuruka kwenye pengo la plagi hewa ikiwa imebanwa sana, hivyo koili inalazimika kutoa volti nyingi zaidi. Koili iliyochoka au waya unaovujisha umeme hutosha kabisa kwenye tambarare, lakini mlimani haufui dafu. Ndiyo maana gari langu lilikuwa zima kila lilipojaribiwa kwenye lami ya mjini. Jaribio lenyewe lilikuwa jepesi kuliko hitilafu. Anayetaka kujua kama misi ya mlimani imepona hana budi kulipeleka gari mlimani, au kuiga mzigo wa mlima palepale gereji.

Vizazi vitatu vya magari

Tunaposema gari la zamani tunachanganya vizazi vitatu, na kila kimoja kina namna yake ya kuhojiwa.

Kizazi cha kwanza ni cha pointi na kabureta, kama Land Rover za petroli zilizohudumia serikali na misheni kwa miongo mingi. Humo umeme wa volti 12 hukatwa na pointi ndogo ndani ya distributa, na koili huubadilisha kuwa maelfu ya volti. Pointi zikiungua au pengo lake likibadilika, cheche inadhoofu na taiming inahama. Uzuri wake ni kwamba kila kitu kinaonekana kwa macho, na pengo hupimwa kwa kipande chembamba cha chuma.

Kizazi cha pili ni cha sindano za petroli, ambazo mafundi wetu huziita nozeli, pamoja na distributa. Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE imo humu, na Noah ya zamani yenye 3S-FE imo humu. Noah hiyo injini yake iko chini ya viti vya mbele. Ikimisi njiani, dereva huwashusha abiria wa mbele, huinua kiti, na watu wazima hujikuta wamesimama kando ya barabara wakichungulia mahali walipokuwa wamekalia. Magari haya yana kontroli boksi na taa ya injini kwenye dashibodi, lakini Toyota nyingi za wakati huo haziongei na mashine za kisasa. Husomwa kwa kuunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya ndani ya kiboksi kilichoandikwa "Diagnosis" chini ya boneti, kisha switchi ikawashwa na mtu akahesabu taa inavyokonyeza. Mikonyezo ya 14, kwa mfano, inaashiria kukosekana kwa taarifa ya cheche. Kisichopatikana humo ni namba ya silinda inayomisi, kwa kuwa mfumo huo haujui.

Kizazi cha tatu ni cha koili juu ya kila plagi, kama IST, yenye injini ya 1NZ-FE au ndugu yake 2NZ-FE. Wengi bado wanaiona IST kuwa gari jipya. Zilianza kutengenezwa mwaka 2002, kwa hiyo nyingi zimekwisha timiza miaka 20. Hizi husomwa kwa mashine, na kodi P0301 humaanisha misi ya silinda ya kwanza, P0302 ya pili, hadi P0304. P0300 humaanisha misi inayohama au isiyojulikana iko wapi. Hapa pana mtego. Mashine inataja silinda, haitaji kilichoharibika. Fundi anayesoma P0302 na kuagiza koili palepale amesoma nusu ya sentensi.

Kutafuta kwa mpangilio

Kazi huanza kwa maswali. Misi hutokea injini ikiwa ya baridi au ikishapata moto? Kwenye sailensi au kwenye mwendo? Kwenye tambarare au mlimani? Ilianza baada ya nini: mvua, kuosha injini, kujaza mafuta, au sevisi? Majibu hayo manne yanaondoa nusu ya washukiwa. Misi ya asubuhi inayopotea injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja nje, inaelekeza kwenye gasketi ya hedi inayodondosha maji silindani usiku. Misi inayokuja injini ikishapata moto inaelekeza kwenye koili ambayo nyaya zake za ndani hukatika joto likipanda. Misi ya kwenye sailensi inayotoweka ukikanyaga mafuta mara nyingi ni hewa ya wizi, paipu iliyochanika nyuma ya throto. Na gari lililotoka kuoshwa injini likaanza kumisi lina maji kwenye visima vya plagi. Kulikausha hakuhitaji spea yoyote.

Baada ya maswali, macho. Plagi zikitolewa zipangwe kwa namba za silinda zake, maana plagi iliyochanganywa na nyenzake imepoteza ushahidi. Ncha ya rangi ya hudhurungi ni ya silinda yenye afya. Masizi makavu ni petroli nyingi au cheche hafifu. Ikilowa petroli, silinda hiyo haiwaki kabisa. Ikilowa oili, ringi au mipira ya valvu imechoka. Nyeupe kama chokaa ni dalili ya hewa nyingi kuliko mafuta. Iliyosafishika ikang'aa peke yake kati ya nne imeoshwa na mvuke wa maji, na hapo gasketi ya hedi inarudi kwenye orodha. Visima navyo vichunguliwe, kwani kwenye injini nyingi za Toyota za enzi hiyo oili hupenya kutoka kwenye kifuniko cha juu, ikalowesha mpira wa waya wa plagi mpaka umeme ukavuja.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha yote: silinda ipi? Kwenye injini yenye nozeli, njia salama ni kuchomoa soketi ya nozeli moja moja injini ikiwa kwenye sailensi. Ukichomoa na mlio ukabadilika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa na kusitokee tofauti, umeipata. Mafundi wa zamani huchomoa waya wa plagi, jambo linalofaa kwenye gari la distributa ikiwa waya utashikwa kwa koleo lenye mpira na ncha yake ikaelekezwa kwenye bodi, ila kwenye magari ya koili juu ya plagi linaweza kuiua koili. Na pasiwe na petroli iliyomwagika karibu.

Silinda ikijulikana, kifuate kipimo kisicho na gharama: hamisha. Koili ya silinda ya pili iende ya tatu, na ya tatu ije ya pili. Misi ikihama nayo, koili ndiyo mbovu. Ikibaki ilipokuwa, koili haina kosa, hamisha plagi. Isipohama tena, hamisha nozeli, au kwanza isikilize kwa bisibisi ndefu iliyogusishwa sikioni, kwa kuwa nozeli nzima hugonga kwa mpigo. Kwa kuhamisha vifaa vitatu fundi anapata jibu ambalo dukani lingegharimu vifaa vitatu.

Ikiwa misi imekaa palepale baada ya hayo, kilichobaki ni kompresheni. Geji hufungwa mahali pa plagi na injini hupigwa stata throto ikiwa wazi, umeme wa cheche na nozeli ukiwa umekatwa. Kwa injini nyingi ndogo za Toyota za wakati huo, silinda nzima hutoa takribani kilo 13 kwa sentimita moja ya mraba, chini ya 10 huhesabiwa imechoka, na tofauti kati ya silinda na silinda haitakiwi kuzidi 1. Lakini namba za vitabu ni za hewa ya pwani. Kwenye mita 1,500 za Singida, injini isiyo na kasoro inaweza kusoma 11, na fundi asiyelijua hilo anaweza kuihukumu ovahoo injini nzima. Kinachosema kweli zaidi ni tofauti kati ya silinda. Iliyo chini peke yake idondoshewe kijiko cha oili na ipimwe tena. Ikipanda, ringi zimeisha, na isipopanda, valvu haikai vizuri. Mbili jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imekatika katikati yao.

Dizeli haina cheche, kwa hiyo nusu ya maswali haya hayaihusu. Kwenye Hiace ya 3L au Land Cruiser ya 1HZ, fundi hulegeza nati ya paipu ya nozeli moja moja. Pasipobadilika mlio ndipo penye tatizo: nozeli, hewa kwenye mafuta, au kompresheni.

Usiku wenye jibu

Gari langu halikujibu swali la silinda ipi kwa njia ya kawaida. Kwenye sailensi zote nne zilikuwa zikiwaka. Misi ilikuwa ya mlimani tu. Fundi wa tano niliyempata alikuwa mzee mwenye gereji ya uani, chini ya mwarobaini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Bosi, lete gari saa moja na nusu usiku." Nilidhani ana shughuli nyingi mchana.

Usiku ule aliinua boneti, akazima taa ya uani, akachukua chupa ya kupulizia yenye maji. Kijana wake aliingia kwenye usukani. Gari ni la otomatiki. "Weka D, breki mpaka mwisho, ongeza mafuta kidogo. Na nyie msikae mbele ya gari," akasema. Injini ikaelemewa, kama iliyo mlimani. Mzee akapulizia ukungu mwembamba juu ya waya za plagi. Kwenye waya wa silinda ya tatu, pale unapopita karibu na kifuniko cha chuma, pakaonekana uzi wa buluu ukirukaruka, na kila uliporuka injini ilitikisika. "Umemwona?" akauliza, kama mtu anayeonyesha mwizi.

Waya ule ulikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele. Angeupima kwa mita angeweza kuukuta mzima, kwa sababu mita hupima njia ya ndani, na vitabu vya Toyota huruhusu hadi kilo-omu 25 kwa kila waya. Ufa ulikuwa kwenye ngozi ya nje. Plagi, koili, filta na pampu nilizozinunua hazikuwa na uhusiano wowote na uzi ule wa buluu.

Lawama ya mafuta

Misi ikishindikana, husingiziwa mafuta. Lawama hii ina historia. Miaka ya nyuma uchakachuaji wa petroli na dizeli kwa mafuta ya taa ulikuwa biashara, kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yagundulike, na bajeti ya mwaka uliofuata ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kuondoa faida ya kuchanganya. Petroli yenye mafuta ya taa haigeuki mvuke vizuri, hivyo humisi injini ikiwa baridi na kugonga inapopewa mzigo. Vijijini, ambako petroli huuzwa kwa chupa na vidumu, maji na mchanga ni hatari iliyo karibu zaidi kuliko mafuta ya taa. Dalili yake inatambulika: misi huanza muda mfupi baada ya kujaza, na hugusa silinda zote. Silinda moja ikimisi peke yake, mafuta hayana hatia, kwani nne zote zinakunywa tangi moja.

Kuna badiliko jingine la mafuta ambalo wenye Land Rover na magari ya rika lake huenda walilipia bila kulijua. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuondoa risasi kwenye petroli, na kufikia mwanzo wa 2006 zilikuwa zimefanya hivyo. Kwa afya za watoto ulikuwa ushindi mkubwa. Ila risasi ilikuwa pia inakinga makalio ya valvu kwenye injini zilizoundwa kwa chuma laini. Bila hiyo, valvu za ekzosi huzama polepole kwenye hedi, nafasi zake hupungua, mwishowe hazifungi na kompresheni inavuja. Gari la namna hiyo likimisi, plagi mpya hazitalisaidia. Dawa yake ni kurekebisha nafasi za valvu mara kwa mara, na hedi ikifunguliwa, kuwekewa makalio ya chuma kigumu.

Anayelipwa ni mfungaji

Mzee wa mwarobaini alitaja bei mbili: ya waya, na ya kutafuta. Ya waya nililipa bila neno. Ya kutafuta nikaanza kuomba anipunguzie. Nilikuwa nimetoka kulipia vifaa vinne visivyohitajika bila kubisha, na sasa nabishana na mtu pekee aliyeniponyesha, kwa sababu kazi yake haikuacha kitu ambacho ningeweza kukishika mkononi. Aliniangalia tu.

Hapo ndipo penye mzizi. Gereji bubu zilizotapakaa mijini na kwenye stendi zetu huishi kwa fedha ya kufunga. Fundi akitumia saa tatu kutafuta na kukuta soketi iliyolegea, mwenye gari ataona amelipishwa kwa kusukuma soketi. Akifunga koili kwa dakika kumi, atalipwa ufundi na pengine faida kidogo kwenye spea. Mtu mwenye akili timamu, katika biashara iliyopangwa hivyo, atafunga. Ujinga upo, na mafundi makanjanja wapo, ila hata fundi hodari husukumwa upande huohuo na namna tunavyolipa.

Umbali na soko la spea huongeza uzito. Kutoka Singida hadi maduka ya Kariakoo ni karibu kilomita 700, kwa hiyo spea nyingi hufika kwa basi baada ya kuagizwa kwa simu, na kuirudisha ni usumbufu. Koili ya mtumba haina historia inayojulikana. Plagi feki hufanana na za asili kwa boksi na maandishi, zikafanya kazi siku kadhaa kisha zikaanza kumisi, na hapo fundi anatafuta hitilafu aliyoifunga mwenyewe. Kwa sababu hii kifaa cha zamani kinachojulikana kuwa kizima kina thamani kubwa gereji kuliko kipya kisichojulikana.

Na magari hayatapungua umri hivi karibuni. Kenya huzuia kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8. Tanzania huliruhusu, ila hulitoza ushuru wa ziada kwa umri wake. Sera yetu imewapa watu wa kipato cha kati gari, na pamoja nalo kazi ya kudumu ya kulitunza. Gari lililoingia likiwa na miaka 10 na likatumika Singida miaka 12 lina waya, mipira na soketi za miaka 22.

La kufanya

Kwa mwenye gari, badiliko la kwanza ni la makubaliano. Kabla boneti haijafunguliwa, zungumzeni bei ya kutafuta peke yake, ilipwe hata kama dawa itakuwa kukaza nati moja. Kabla ya kifaa chochote kununuliwa, uliza maswali mawili: silinda ipi, na umejuaje? Fundi mwenye jibu atafurahi kuulizwa. Vifaa vilivyotolewa ubaki navyo, na matengenezo yaandikwe kwenye daftari. Na jaribio lifanyike katika hali ileile iliyozaa misi, iwe ni mlimani, kwenye baridi ya asubuhi, au injini ikiwa ya moto.

Kwa fundi, vifaa vya kutafutia si vingi: geji ya kompresheni, mita ya umeme, mashine ndogo ya kusomea kodi, chupa ya maji, na seti moja ya plagi na koili zinazojulikana kuwa nzima kwa ajili ya kuhamisha. Mafundi watatu wa mtaa mmoja wanaweza kuchangia geji moja. VETA, ambayo ina chuo Singida, huwapima na kuwatambua kwa vyeti mafundi waliojifunzia kazini. Upimaji huo ungeipa taaluma hii heshima zaidi kama ungemkalisha fundi mbele ya injini inayomisi na kumpa alama kwa mpangilio wa maswali yake, hata kabla hajagusa spana.

Kuhusu Corolla, mzee hakunipunguzia, na nilimlipa. Kabla sijaondoka aliniomba zile plagi nne za mwanzo, ambazo kwa bahati zilikuwa bado kwenye buti ndani ya boksi la plagi mpya. Alizipangusa, akazitazama moja moja kwa tochi, zote za hudhurungi. Akatoa mpya, akafunga za zamani, akanikabidhi mpya kwenye boksi lake. "Hizi ziweke akiba," akasema. Ijumaa iliyofuata nilishuka hadi Kintinku, nikageuza, nikaupanda Saranda kwa plagi zangu za zamani na waya mmoja mpya. Redio ilikuwa inasikika mpaka juu.